Siku Mwenye Mbwa Aliporudi

Wagonjwa wa upande wetu hawakuja hospitalini peke yao. Walikuja na mama zao, na mablanketi yao, na mara nyingi, bila wao kutaka, walikuja na mbwa. Mgonjwa akilazwa kwenye mkokoteni wa punda, mbwa wa boma alifuata nyuma hata kama ni mwendo wa siku nzima. Akitupiwa jiwe alisimama, akangoja mkokoteni ukate kona, kisha akaendelea kufuata. Langoni mgonjwa aliingia na mbwa akabaki nje. Na mgonjwa akifa, jamaa zake walikuwa na mengi ya kufikiria: mwili, mbao za sanduku, gari la kuwafikisha nyumbani kabla mwili haujaharibika. Hakuna aliyekumbuka kumwita mbwa.

Nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali hiyo, ndogo, ya wodi tatu, upande wa Makueni chini ya vilima vya Mbooni. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, wakati nchi hiyo yote bado iliitwa wilaya ya Machakos. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na watu waliniita sista ingawa sikuwa nimesomea usista.

Mbwa wakizidi langoni, matroni aliwaita watu wa idara ya mifugo, nao walikuja na nyama yenye sumu. Sitawalaumu. Kichaa cha mbwa kilikuwapo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona mtu mmoja akifa nacho wodini kwetu, na sitaki kumwona mwingine. Lakini siku moja nilitoka nje na beseni la bendeji nikamkuta mbwa mweusi niliyemzoea, ambaye kwa wiki nzima alikuwa amelala mahali pale pale bwana wake alipoteremshwa, akijinyoosha na kukakamaa kwenye mchanga huku macho yake yakinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayeweza kumweleza kinachompata. Niliweka beseni chini. Sikujua la kufanya. Nilisimama tu hapo mpaka akamaliza.

Baada ya hapo nilianza kuwawahi mbwa kabla ya ile nyama. Mbwa aliyeachwa nilimfunga siku kumi nyuma ya chumba cha kufulia, kama mtu mmoja wa mifugo alivyonielekeza, nikimwangalia kama anakula na kama anakunywa maji. Akiwa mzima, nilianza kuwauliza wagonjwa wanaoruhusiwa kwenda nyumbani: "Kwenu mna mbwa?" Wengi walimtaka, maana nyani walikuwa wakimaliza mahindi. Mbwa aliondoka amefungwa shingoni kwa kipande cha bendeji kuukuu. Wengine walitoroka wakarudi, wengine sikusikia habari zao tena, wachache walistawi, na watu waliniletea salamu zao kama salamu za ndugu. Wenzangu walinicheka wakaniita Mama wa Ngiti, yaani mama wa mbwa kwa Kikamba. Jina hilo sikulichukia.

Kisha akaja mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Alitembea siku mbili, akikohoa, akilala kwa watu njiani. Mkewe alikuwa amekufa, na mwanawe wa pekee alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi na hakuwahi kuandika hata barua. Nyuma yake alitembea mbwa jike, rangi ya majani makavu, sikio moja limepasuka mpaka katikati. Mzee alipopimwa ilionekana ni kifua kikuu, na ugonjwa huo wakati ule haukuwa wa kutibiwa kwetu. Ilibidi apelekwe kwenye hospitali kubwa ya mbali, akae huko kwa miezi akidungwa sindano. Alikuwapo mzee mwingine mwenye ugonjwa huo huo, na wote wawili wangeondoka kwa gari moja.

Asubuhi ya safari aliniita dirishani.

"Sista, wewe ndiye yule wa mbwa?"

"Ni mimi, baba."

"Hao wengine wapeane. Huyu usimpeane. Huyu ni wangu, na mimi narudi."

"Nitamweka, baba."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akataka kunionyesha mluzi anaomwitia, miwili mifupi na mmoja mrefu, lakini pumzi haikutosha. Ule mrefu ukaishia kwenye kikohozi, akainamisha kichwa kwenye chuma cha dirisha mpaka kikamwachilia.

Gari lilipoondoka, mbwa alilifuata. Alirudi jua likiwa limeshuka, nyayo zake zimechubuka zinatoa damu. Nilimpaka dawa ya zambarau ya hospitali, nayo ilikaa kwenye miguu yake siku nyingi, akawa kama mtoto aliyevaa soksi.

Katika nyumba za wafanyakazi wanyama hawakuruhusiwa, kwa hiyo nilimweka nyuma ya wodi ya wanawake na watoto, chini ya dirisha ambalo lilikuwa karibu sana na ardhi. Ndani ya dirisha hilo kulikuwa na kitanda cha msichana mdogo wa miaka minane kutoka Mbooni. Alikuwa amejivutia sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yanayochemka, ikammwagikia shingo, bega na mkono wote wa kushoto. Alikuwa nasi tangu kabla ya mzee kuja, na bado alikuwa na miezi mbele yake. Kila siku ya pili ilibidi tumbadilishe bendeji. Tuliilowesha kwa maji ya chumvi ili isishike sana, lakini ilishika, na msichana alilia mpaka sauti ikakauka, akawa analia kwa mdomo tu. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, na hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuizoea kamwe.

Sikujua ilianza lini. Mama yake ndiye aliyeniambia kwamba mtoto humtupia mbwa vipande vya ugali. Kisha siku moja, nilipokuja na beseni, msichana alishika aproni yangu.

"Mbwa yuko?"

Nikachungulia. "Yuko."

"Mwambie asimame."

Niligonga ukingo wa dirisha kwa kidole, na mbwa akasimama, akaweka miguu yake ya mbele ya zambarau kwenye ukingo, akatia kichwa ndani. Msichana akaanza kumweleza habari. Alimweleza habari za mbuzi wa kwao, na za dada yake aliyeogopa vyura, na sauti yake ilipanda na kushuka na kukatika nilipokuwa nikivuta kitambaa, lakini hakuacha kueleza. Nilimaliza mkono na bega na shingo. Hakuwa amepiga kelele hata mara moja. Mama yake alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Tangu siku hiyo hatukubadilisha bendeji bila mbwa. Hata matroni, ambaye ndiye aliyekuwa akiita watu wa mifugo, alipita akaona kichwa cha mbwa ndani ya wodi yake, akatazama upande mwingine akaenda zake. Msichana alimpa mbwa jina. Lilikuwa jina la mtu, jina zuri la Kikamba, na sitaliandika hapa kwa sababu ni lake.

Miezi ilipita. Siku moja dereva wa gari la hospitali alirudi kutoka safari ya mbali, akaniona uani akanisimamisha.

"Yule mzee wenu wa kifua alikufa. Wamemzika huko huko. Hakuna mtu wake aliyetokea."

"Yupi?"

"Yule wa ng'ambo ya mto."

Wote wawili walikuwa wa ng'ambo ya mto. Nilijua hivyo, na sikuuliza tena. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilikuwa na haraka, kwamba kulikuwa na mama anayejifungua na nilikuwa nimetumwa maji ya moto. Ni kweli, alikuwapo. Lakini kweli nyingine ni kwamba msichana alikuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani wiki ile, na mama yake alikuwa ameniambia asubuhi hiyo hiyo, "Sista, mtoto anakataa kutoka bila mbwa." Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta mlango, na dereva akaufungua. Nilihuzunika kwa ajili ya mzee, nililia hata. Kisha nikaenda wodini.

"Mwenyewe amekufa," nilimwambia mama. "Mchukueni."

Msichana alikuwa amekaa kitandani na viatu vyake vipya. Kovu la shingo lilikuwa limevuta kidevu chake upande wa kushoto, hivi kwamba ili akutazame ilimbidi ageuze mwili wote. Akageuza mwili wote.

"Ni wangu kabisa?"

"Ni wako kabisa."

Waliondoka watatu, na mimi nikarudi kazini nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena katika kazi ile.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja, mchana, nilikuwa nikikunja mashuka nikasikia mluzi upande wa jikoni. Miwili mifupi, na mmoja mrefu, mrefu sana, wa mtu mwenye kifua kizima. Nilijua kabla ya kutoka. Nikatoka hivyo hivyo na shuka mkononi.

Alikuwa amenenepa. Alikuwa amevaa koti alilopewa huko, lenye mikono mirefu kupita mikono yake, na mashavu yake yalikuwa yamerudi. Ningempita njiani nisimjue. Alikuwa ametazama nyuma ya wodi, mahali pale palipokuwa na bakuli la mbwa la bati, na bakuli halikuwapo.

"Sista," alisema, akicheka. "Umemficha wapi?"

"Baba, tuliambiwa umekufa."

"Aliyekufa ni mwenzangu. Mimi ndiye niliyemfumba macho." Bado alikuwa akitabasamu. Kisha nikaona tabasamu likitoka polepole. "Kwa hivyo ulimpeana."

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Ningeweza kusema mbwa alikufa, kwamba alikula nyama ya langoni. Angelia siku mbili tatu, angerudi kwake, na mtoto kule juu asingejua lolote. Mpaka leo sijui kama dhambi hiyo ingekuwa ndogo au kubwa kuliko niliyoifanya.

"Nilimpeana," nikasema. "Lakini najua aliko."

Aliketi kwenye benchi la wagonjwa. Hakunigombeza. Kama angenigombeza ningejua pa kuliweka jambo hilo.

"Huko wenzangu walikuwa wanahesabu siku za kuona watoto wao," alisema. "Mimi nilikuwa nahesabu za huyo. Walinicheka."

Niliomba ruhusa ya siku moja, tukapanda Mbooni pamoja. Mzee hakuwa amewahi kupanda vilima vile. Alisimama kila baada ya hatua chache, akishika magoti, akishangaa maharagwe yaliyopandwa kwenye miteremko ambayo kwao hata mbuzi angeiogopa. Aliuliza watu wa huku huvuna mara ngapi, nikamwambia. Tulizungumza habari za mashamba njia nzima. Hatukumtaja mbwa.

Msichana alikuwa uani akipukuchua maharagwe kwenye uteo. Alivaa gauni lenye kola ndefu iliyoshonwa makusudi ifike masikioni. Mbwa alikuwa amelala amemwekea mgongo kwenye miguu, mnene, manyoya yanang'aa. Mama alitoka jikoni mbio mikono ikiwa na unga.

"Sista! Jamani, sista wetu amekuja!"

Mzee alikuwa amebaki kwenye ua wa mabua. Hakupiga mluzi. Alisimama tu, kofia mkononi. Upepo ukageuka, au sijui ni nini, mbwa akainua kichwa. Akasimama. Akaja polepole, tumbo karibu na ardhi, kama mtu anayeogopa kudanganywa, na alipofika alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa mnyama mwingine, akaanguka kwenye miguu ya mzee akajikojolea. Mzee akapiga magoti kwenye matope na lile koti lake.

"Huyu ni nani?" mama aliniuliza.

"Ndiye mwenyewe."

"Si ulisema alikufa?"

"Nilisema."

Baba wa msichana aliitwa kutoka shambani. Alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa maneno machache. Alisikiliza yote, akanawa mikono, akasema, "Kitu cha mtu ni cha mtu." Tukaletewa viti na chai. Tulikunywa chai hiyo kama watu waliokuja matangani. Mzee alikuwa akiitazama shingo ya msichana, na msichana alikuwa ameinama juu ya uteo akiendelea kupukuchua, ingawa maganda yote yalikuwa yamekwisha na alikuwa akigeuza maharagwe matupu kwa vidole.

"Ni moto?" mzee akamwuliza.

"Ni isyo."

 Mzee akaweka kikombe chini. Nilidhani atasema jambo la watu wazima, la kupoza. Badala yake alisema naye kama mtoto anavyosema na mtoto mwenzake.

"Mimi sina mtu mwingine."

"Hata mimi," akasema msichana.

"Nyamaza," baba yake akamwambia, si kwa ukali. "Wewe una ndugu zako."

Baadaye mama alinieleza. Shuleni walikuwa wakimwita jina baya kwa ajili ya shingo, na ndugu zake, kwa aibu, walikuwa wakitembea mbele yake njiani. Mbwa ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha.

Msichana aliondoka akaingia nyumbani. Tulifikiri amekwenda kulia. Akatoka na kamba ya mkonge aliyoisuka mwenyewe, nyembamba, safi, akampa mzee mkononi. Kisha akamwita mbwa kwa lile jina lake. Mbwa akaja. Akamlamba mkono, ule wenye makovu, kutoka kiwiko mpaka vidole, halafu akarudi akakaa karibu na mzee. Yule mtoto aliyekuwa akilia mpaka sauti ikakauka, siku hiyo hakutoa hata chozi.

"Nenda," akasema.

Tuliteremka. Ningependa kuandika kwamba mbwa aligeuka nyuma. Hakugeuka. Alitangulia mbele yetu mkia juu, akirudi kila mara kuhakikisha mzee yupo.

Tulipofika chini, mzee aliniuliza, "Ana miaka mingapi yule?"

"Minane, anaingia tisa."

"Atasahau." Tukaenda kidogo. "Hapana," akasema, "hatasahau."

Nilijaribu kurekebisha. Nani asingejaribu? Mwezi uliofuata mbwa mdogo mweusi alitupwa langoni, ana wiki chache tu. Nilimtunza zile siku kumi, nikamweka kwenye kiondo, nikapanda naye Mbooni. Msichana alinipokea kwa heshima, akanipa maji. Nilifungua kiondo. Yule mdogo akatoa kichwa, akapiga miayo. Msichana alimtazama bila kunyoosha mkono.

"Mwenyewe wa huyu atakuja lini?"

"Huyu hana mwenyewe, mwanangu."

"Hata yule ulisema hana."

Alisema bila kiburi, kama mtu anayekumbusha jambo. Kaka yake ndiye aliyemchukua mbwa yule.

Mzee alikuwa akija kila mwezi kuchukua vidonge vyake, mbwa nyuma yake, na kila mara aliniletea kitu, asali au ukwaju. Kisha mvua ikakosekana mara mbili mfululizo, njia ya upande wao ikawa ya watu wanaohama na mifugo iliyokonda, na mzee akaacha kuja. Mtu mmoja wa ng'ambo ya mto alipokuja kutibiwa mguu nilimwuliza. Akasema mzee huyo amekufa. Safari hii niliuliza. Mzee yupi? Alivaa nini? Koti la namna gani? Nani alimzika, na alizikwa wapi? Niliuliza mpaka yule mtu akachoka nami. Alikuwa ni yeye.

"Na mbwa?"

"Mbwa gani?" akasema.

Kwa majuma mengi nilitoka langoni kila asubuhi kabla ya kuingia kazini. Hakuja mbwa wa rangi ile. Walikuja wengine, na watu wa mifugo wakaja, na mimi nikakaa ndani nikikunja mashuka.

Msichana nilimwona mara moja tu tena, miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisafiri kwenda Nairobi na basi likasimama kwenye mji mdogo wa Salama. Alikuwa akiuza maparachichi kando ya barabara, mwanamke mzima, kitambaa kimefungwa shingoni kwa ustadi. Yeye ndiye aliyenitambua. Aligeuza mwili wote kunitazama, akanisalimu kwa mikono miwili, akanionyesha mtoto wake aliyelala chini ya meza. Mimi nilikuwa nimeanza kuota mvi.

"Bado uko hospitali?"

"Bado niko."

"Na wale mbwa?"

"Niliacha zamani."

Alinifungia maparachichi manne kwenye gazeti, akachagua yaliyoiva vizuri, akayaminya moja moja kwa kidole gumba.

"Ulifanya vizuri," akasema, na akamgeukia mteja aliyekuwa akimwita kutoka dirisha la basi.